William Herschel: mpiga zumari aliyeona tundu mbinguni

Tarehe 14 Mei mwaka 2009 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka kituo cha Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa imebeba darubini yenye kioo cha upana wa mita tatu na nusu. Wakati ule hapakuwa na darubini yenye kioo kikubwa kama hicho iliyowahi kupelekwa angani. Kazi yake haikuwa kutazama mwanga huu tunaouona kwa macho, bali joto: joto hafifu mno linalotoka katika mawingu ya vumbi yenye baridi kali, ambamo nyota huanza kutungwa kama mimba. Shirika la Anga la Ulaya liliipa darubini hiyo jina la Herschel.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Herschel ni yule bwana aliyeigundua sayari ya Uranus. Ni kweli, na kwa sayari hiyo peke yake jina lake lingebaki. Lakini si kwa sababu ya Uranus darubini ile ilipewa jina lake. Ni kwa sababu mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka 61, mzee huyu aligundua kwamba kuna mwanga usioonekana, unaojulikana kwa joto lake tu. Na miaka kumi na tano kabla ya hapo alikuwa ameandika habari za tundu jeusi mbinguni, mahali ambapo hakuona hata nyota moja. Joto lile na tundu lile vilipita katika mikono ya mtu mmoja, naye akafa bila kujua kwamba kimoja ni ufunguo na kingine ni kufuli yake. Ndugu wasomaji, habari hiyo ndiyo tunayotaka kuwasimulia.

Friedrich Wilhelm Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 katika mji wa Hannover, ambao leo uko Ujerumani. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga zumari la Kizungu liitwalo obo katika bendi ya jeshi. Hakuwa mtu wa elimu kubwa, lakini alipenda kuwaonyesha watoto wake nyota usiku wa baridi, na wote aliwafunza muziki. Wilhelm alipofika umri wa miaka 14 aliingia bendi ile ile ya baba yake.

Hannover na Uingereza wakati huo zilikuwa chini ya mfalme mmoja, ndiyo maana mwaka 1756 bendi ilipelekwa Uingereza kwa muda, na kijana akajifunza Kiingereza kidogo. Mwaka uliofuata vita vilifika mlangoni. Jeshi la Hannover lilishindwa na Wafaransa katika mapigano ya Hastenbeck, Julai 1757, na mzee Isaac akaona heri mwanawe aondoke kuliko kuangamia. Mwishoni mwa mwaka huo Wilhelm, akiwa na miaka 19, alivuka bahari pamoja na kaka yake Jacob. Karatasi za kumwachisha jeshi rasmi zilipatikana baadaye sana, mwaka 1762, kwa juhudi za baba yake. Kwa maneno ya leo tungesema alikaa miaka kadhaa ughaibuni bila makaratasi kamili.

Huko London kazi ya kwanza aliyopata ni kunakili nota za muziki kwa mkono. Kisha akapanda kaskazini mwa Uingereza, akafundisha bendi ya wanamgambo, akapiga fidla hapa na kinanda pale, akisafiri kwa farasi kutoka mji hadi mji. Alitunga simfoni 24. Mwaka 1766 akapata kazi ya maana: kupiga kinanda katika kanisa la Octagon mjini Bath, mji wa matajiri waliokwenda kuoga maji ya moto ya chemchemi na kustarehe. Hapo Wilhelm akawa William, akawa na wanafunzi wengi wa muziki, na mfuko wake ukaanza kutuna.

Msomaji aliyeko nje atajua kinachofuata. Mtu akishatulia, hukumbuka waliobaki nyumbani. Katika familia ya Herschel aliyebaki alikuwa dada yake Caroline, aliyezaliwa mwaka 1750. Alipokuwa na miaka kumi Caroline aliugua homa ya tifasi iliyodumaza mwili wake, akabaki na kimo cha sentimita 130 hivi. Mama yao aliona binti wa namna hiyo hatapata mume, basi akamweka jikoni awe mtumishi wa nyumba, na hakutaka asome zaidi ya kushona na kuandika. William alikwenda Hannover mwaka 1772 kumchukua. Mama alikataa mpaka alipoahidiwa fedha za kila mwaka za kumwajiri mtumishi badala yake. Kwa hiyo dada mtu alikombolewa kwa fedha za kutoka ng'ambo. Sijui kama kuna fedha zilizotumwa kwa mzazi zilizowahi kuleta faida kubwa kuliko hizo.

Caroline alifika Bath akafundishwa kuimba, Kiingereza na hesabu. Alikuwa anaanza kupata jina kama mwimbaji pale kaka yake aliposhikwa na ugonjwa mwingine. Mwaka 1773 William alinunua kitabu cha elimu ya nyota akaanza kukodi darubini. Zile za kukodi zikawa hazimtoshi, za kununua zikawa ghali, basi akaamua kutengeneza mwenyewe.

Darubini alizozitaka hutumia kioo kilichobonyea ili kukusanya mwanga. Siku zile kioo hicho hakikuwa cha bilauri wala cha dirisha, kilikuwa cha madini, mchanganyiko wa shaba na bati, kilichosubuwa kwenye kalibu halafu kikasuguliwa kwa mkono saa nyingi mpaka king'ae. Ukiacha kusugua katikati ya kazi, umbo linaharibika. Siku moja William alisugua saa kumi na sita mfululizo bila kuondoa mikono, na Caroline akawa anamlisha chakula mdomoni kama mtoto. Nyumba nzima iligeuka karakana: sebule, chumba cha kulala, hata bustani. Agosti 1781 walijaribu kusubu kioo kikubwa cha futi tatu ndani ya nyumba namba 19, mtaa wa New King. Kalibu ilikuwa ya udongo na samadi ya farasi ambayo Caroline aliitwanga kwenye kinu kwa siku nyingi. Madini yaliyoyeyuka yakavuja na kumwagika sakafuni, mawe ya sakafu yakaanza kulipuka na kuruka huku na huko, wote wakakimbilia mlangoni. Nyumba hiyo ni makumbusho tangu mwaka 1981, na mawe yaliyopasuka yamo.

Wakati madini yanamwagika jina lake lilikuwa tayari limeenea Ulaya nzima. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini ndogo ya futi saba aliyoitengeneza mwenyewe, aliona kitu ambacho hakikufanana na nyota. Alidhani ni nyota yenye mkia. Wanahesabu walipoifuata njia yake wakagundua kuwa ni sayari, mbali mara mbili ya Zohali, ambayo tangu zama za Wababeli ilikuwa ndiyo mpaka wa mwisho. Yeye alitaka iitwe kwa jina la Mfalme George wa Tatu. Wako watakaoona huko ni kujipendekeza. Mimi naona ni akili ya mgeni anayejua nani mwenye nyumba. Jina halikukubalika nje ya Uingereza, ikaitwa Uranus, lakini mfalme alifurahi, akamtengea mshahara wa pauni 200 kwa mwaka ili aache muziki. Kiasi hicho kilikuwa pungufu ya alichokuwa akipata Bath. Ili kufidia, alitengeneza darubini na kuziuza, na idadi ya vioo alivyovisugua maishani ilizidi mia nne. Caroline naye alitengewa pauni 50 kuanzia mwaka 1787, akawa mwanamke wa kwanza nchini Uingereza kulipwa kwa kazi ya sayansi.

Walihamia karibu na kasri ya Windsor, kwanza Datchet, mwishowe Slough. Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyochukua karibu miaka ishirini, kuanzia 1783 hadi 1802. Darubini ya futi ishirini ilielekezwa kusini na kupandishwa na kuteremshwa kwa kamba, huku mbingu yenyewe ikipita mbele yake kwa mzunguko wa dunia. William alisimama juu ya jukwaa la mbao, gizani, jicho likiwa kwenye darubini. Caroline alikaa ndani karibu na dirisha, ana taa, saa na kalamu, akiandika kila kilichotajwa. Mgawanyo huo ulikuwa na maana: macho ya mwangaliaji hayakutakiwa kuguswa na mwanga. Usiku wa mwisho wa mwaka 1783, theluji ikiwa imefunika uwanja, Caroline alikimbia kurekebisha kitu gizani akateleza, ndoano ya chuma ikamzama juu ya goti. Walipomwinua, kipande cha nyama kilibaki kwenye ndoano. Alipopata nafuu alirudi kwenye kalamu yake. Kwa njia hiyo wawili hawa waliorodhesha makundi ya nyota na mawingu ya angani 2,500, wakati kabla yao yaliyojulikana yalikuwa kama mia moja tu.

Tundu lenyewe lilionekana katika kazi hiyo. William alikuwa akipita katika mwili wa Nge, ile buruji ambayo mabaharia wetu wanaiita Akrabu. Kwa mtu aliyeko Uingereza sehemu hiyo ya anga hukaa chini sana, digrii kumi na tano tu hivi juu ya upeo wa macho, karibu na ukungu na moshi wa nyumba. Nyota zilikuwa zinapita moja baada ya nyingine, ghafla zikakoma. Caroline alikumbuka mpaka uzeeni kwamba kaka yake alikaa kimya muda mrefu wa kutisha, kisha akasema kwa Kijerumani, lugha ya nyumbani, kwamba hapo kweli pana tundu mbinguni. Mtu akishtuka hurudia lugha ya mama yake.

Katika makala aliyoitoa mwaka 1785 alieleza kuwa tundu hilo lina upana usiopungua digrii nne, yaani kama miezi minane mipevu ikipangwa mstari mmoja. Ukingoni mwake upande wa magharibi aliona kundi la nyota zilizosongamana sana, akatoa hoja: nguvu ya uvutano imezivuta nyota za eneo zima na kuzirundika pale, ndiyo maana nyuma yake pamebaki patupu. Kama mtu anayekuta rundo la mchanga na shimo kando yake. Hoja ni nzuri, lakini haikuwa sahihi. Pale hapakuwa patupu hata kidogo. Palikuwa pamejaa kuliko mahali pengine pote jirani.

Haki lazima itendeke kwa mzee huyu, kwa sababu katika swali la jinsi nyota zinavyozaliwa alifika mbali kuliko wenzake wa wakati ule. Novemba 1790 aliona nyota iliyozungukwa na ukungu wa duara, akakata shauri kwamba ukungu ule si nyota za mbali zilizochanganyika bali ni kitu halisi kinachong'aa. Tangu hapo alianza kufikiri kwamba ukungu wa angani hujikusanya polepole na kuwa nyota, na mwaka 1811 alitoa makala kubwa akiyapanga mawingu hayo kutoka yale yaliyotawanyika hadi yale yaliyokaza kitovu chao. Aliifananisha mbingu na bustani. Sisi tungesema shamba la minazi: huwezi kukaa ukaona mnazi mmoja ukikua tangu nazi inapochipua, lakini ukitembea shamba zima siku moja utaona chipukizi, miche, minazi michanga na mikongwe, nawe utaelewa maisha yake yote. Kilichompotea ni kwamba alitafuta chipukizi katika mawingu yanayong'aa. Kumbe nyingi zimo katika yale meusi.

Si kila alichofikiri kilikuwa na busara. Aliamini mpaka mwisho kuwa Jua lina viumbe wanaoishi juu yake, chini ya mawingu ya moto. Darubini yake kubwa kuliko zote, ya futi arobaini, iliyokamilika mwaka 1789 kwa pauni 4,000 za mfalme, ilivuta watalii kuliko ilivyofanya kazi. Inasimuliwa kwamba mfalme alimshika mkono Askofu Mkuu wa Canterbury akampitisha ndani ya bomba lake likiwa limelazwa chini, akimtania kuwa anamwonyesha njia ya mbinguni. Ilisaidia kuthibitisha miezi miwili ya Zohali, lakini ilikuwa nzito na kioo chake kilipata ukungu haraka. Usiku mwingi William aliendelea kutumia ile ya futi ishirini.

Mwaka 1788 alioa mjane wa jirani, Mary Pitt, na mwaka 1792 akazaliwa mtoto wao wa pekee, John. Caroline, aliyekuwa ameendesha nyumba kwa miaka kumi na sita, alihama akapanga chumba. Aliumia, na kurasa za kumbukumbu zake za miaka hiyo alizichoma moto. Kazi lakini hakuiacha, na kati ya 1786 na 1797 aligundua mwenyewe nyota nane zenye mkia.

Sasa twende mwaka 1800. William alikuwa akitazama madoa ya Jua kupitia vioo vya rangi ili asiunguze jicho. Akagundua jambo dogo ambalo mwingine angelipuuza: kioo cha rangi fulani kilipitisha mwanga kidogo lakini joto kali, na cha rangi nyingine kilipitisha mwanga mwingi bila joto la kusumbua. Akajiuliza kama kila rangi ina kiasi chake cha joto. Akaweka prizimu dirishani, rangi za upinde wa mvua zikatandazwa juu ya meza, akaweka kipimajoto chenye tungi lililopakwa weusi katika rangi moja, na vingine pembeni nje ya mwanga ili kulinganisha na joto la chumba. Hapo ndipo unapomwona mwanasayansi: vile vya pembeni ndivyo vinavyoupa ushahidi uzito. Zambarau ilipandisha kipimo digrii mbili za Fahrenheit, kijani zaidi kidogo ya tatu, nyekundu karibu saba.

Kwa kuwa joto lilizidi kila alipoelekea kwenye nyekundu, alisogeza kipimajoto nje kabisa ya nyekundu, mahali ambapo jicho haliona chochote juu ya meza. Kipimo kikapanda zaidi. Akarudia kwa mshumaa, kwa moto wa jiko, kwa chuma kilichopashwa, akaona kwamba miale hiyo isiyoonekana hupindwa na prizimu na hurudishwa na kioo kama mwanga wa kawaida. Alitoa makala nne mwaka huo huo. Profesa John Leslie wa Scotland alimpinga vikali akidai kwamba joto lile ni la hewa ya chumba tu. Wengine walirudia jaribio wakapata jibu la Herschel. Jina la infraredi, maana yake chini ya nyekundu, lilikuja baadaye, yeye akiwa kaburini.

Hata hivyo, katika makala za mwisho alirudi nyuma. Alipoona kwamba vitu vinavyozuia mwanga havizuii joto kwa kiasi kile kile, alishawishika kuwa mwanga na joto ni vitu viwili tofauti. Ajabu ni kwamba jambo hilo hilo lililomtatiza, kwamba kitu kinaweza kuzuia mwanga na kupitisha joto, ndilo jibu la tundu la Nge. Alikuwa nalo juu ya meza yake.

William Herschel alifariki tarehe 25 Agosti 1822 nyumbani kwake Slough, akiwa na miaka 83, akazikwa katika kanisa la Upton. Caroline alifunga mizigo akarudi Hannover baada ya miaka hamsini ughaibuni, uamuzi alioujutia, kwani mji aliouacha haukuwa tena ule aliouzoea. Huko aliyapanga upya mawingu yote 2,500 ili mpwa wake John aweze kuyatafuta, kazi iliyompatia mwaka 1828 nishani ya dhahabu ya chama cha wanafalaki cha London.

Tundu hakulisahau. John alipojiandaa mwaka 1833 kwenda Afrika Kusini na darubini ya futi ishirini, shangazi yake, bibi wa miaka 83, alimwandikia akimsihi autazame mwili wa Nge kwa makini. John alifika Rasi mwanzoni mwa 1834, akakaa hadi 1838 katika shamba la Feldhausen chini ya Mlima wa Meza. Kutoka huko Nge hupita juu sana, hakuna ukungu wa Slough. Akamjibu kuwa ameipekua buruji hiyo na kukuta sehemu nyingi zisizo na nyota hata ndogo kabisa, tena akamtajia makundi ya nyota aliyoyaona. Bibi hakuridhika. Alimwandikia tena kuwa si makundi ya nyota anayoyataka. Alitaka kujua kuna nini pale. Alifariki Januari 1848 akiwa na miaka 97, hajapata jibu.

Jibu lilikuja kwa vipande. Mmarekani Edward Barnard, aliyeyapiga picha maeneo hayo meusi kwa miaka mingi na kuyaorodhesha 182 mwaka 1919, alikubali hatimaye kuwa mengi si matundu bali ni mawingu yanayoziba nyota zilizo nyuma yake. Leo tunajua ni gesi ya hidrojeni iliyochanganyika na chembe za vumbi ndogo kuliko za moshi. Ndani yake baridi hufikia nyuzi 260 chini ya sifuri za Selsiasi. Baridi hiyo si kasoro, ni sharti. Gesi yenye joto husukuma nje. Iliyopoa haina nguvu ya kupinga uvutano, hivyo hujikunja na kuwa mabonge, na moyo wa bonge huanza kupata moto. Hiyo ndiyo nyota katika siku zake za kwanza, na vumbi linaificha kabisa.

Kwa nini infraredi hupenya pale mwanga uliposhindwa? Aliyekaa gatini ameshaona: viwimbi vidogo huvunjikia kwenye nguzo, lakini wimbi refu la bahari huipita nguzo kana kwamba haipo. Mawimbi ya mwanga wa kawaida yanalingana na ukubwa wa chembe za vumbi, yakazuiwa. Ya infraredi ni marefu, yakapita. Tena vumbi lenyewe, hata likiwa na baridi ya namna ile, hutoa joto lake kidogo kwa mawimbi marefu zaidi. Kwa hiyo kuna njia mbili: kuona kupitia wingu, na kuliona wingu lenyewe likiwaka. Taabu ni kwamba mvuke wa maji katika hewa ya dunia huziba sehemu kubwa ya miale hiyo, na darubini yenyewe ikiwa na joto hujipofusha.

Mwaka 1967 Eric Becklin na Gerry Neugebauer walitangaza nyota changa iliyofichika katika wingu la Orion, inayoonekana kwa infraredi tu. Kisha ikafika zamu ya Nge. Mashariki ya kundi lile alilolitaja Herschel, katika mpaka wa buruji ya Nge na Ophiuchus, kuna wingu linaloitwa Rho Ophiuchi. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani walilipima kwa infraredi wakakuta makumi ya nyota changa zimejificha ndani yake. Mahali ambapo Herschel aliona nyota zimehama, ndipo zinapozaliwa, tena ni moja ya sehemu za karibu nasi, umbali wa miaka ya nuru 400 hivi.

Setilaiti ya IRAS iliipima mbingu karibu yote kwa infraredi kwa miezi kumi ya mwaka 1983. Mwaka 1993 kitu kilichoitwa VLA 1623, ndani ya wingu hilo hilo la Rho Ophiuchi, kilitajwa kuwa mfano wa kwanza wa daraja jipya: nyota changa kiasi kwamba sehemu kubwa ya uzito wake bado iko katika gesi inayoizunguka na haijaingia ndani. Katika umri wa nyota, huyo ni mtoto wa siku ya kwanza.

Halafu ikaja ile ya 2009, iliyobeba lita zaidi ya 2,000 za heliamu ya kimiminika ili kupoza vifaa vyake vya kupimia, na kuwekwa kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani. Darubini ya Herschel ilionyesha kwamba mawingu baridi yamesukwa kwa nyuzi ndefu za gesi, nyingi zikiwa na upana unaokaribiana, theluthi moja hivi ya mwaka wa nuru, na mabonge yanayozaa nyota yamejipanga juu yake kama shanga. Kwa nini upana huo unakaribiana namna ile bado wataalamu wanabishana. Heliamu iliisha tarehe 29 Aprili 2013, darubini ikapofuka.

Julai 2023, darubini ya Webb ilipotimiza mwaka mmoja wa kazi, picha iliyochaguliwa kuadhimisha siku hiyo ilikuwa ya Rho Ophiuchi: nyota changa kama hamsini, baadhi zikirusha gesi pande mbili, nyingine zikionyesha kivuli cha sahani ya vumbi ambamo sayari huenda zikaumbika.

Walioko Zanzibar, Dar es Salaam au Mombasa hawahitaji chombo kulitafuta eneo hilo. Kati ya Juni na Agosti, usiku wa kwanza, tazama juu upande wa kusini utafute nyota nyekundu iliyo moyoni mwa Nge. Wingu liko kaskazini kidogo ya nyota hiyo, juu kabisa, zaidi ya digrii sabini kutoka upeo wa macho. Sisi tulioko London inabidi tupande kilima na kuomba mawingu ya kawaida yaondoke.